Mkataba Unasemaje? Mali, Matabaka na Hesabu Zilizofichwa Katika Fasihi ya Pwani

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu na wasomaji wa fasihi ya Kiswahili. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, shikamoni. Walimu, wanafunzi, ndugu zangu nyote mliofika, asalaam alaykum.

Naanza na swali la mtihani. Kila mwalimu aliyeketi hapa amelisahihisha mara nyingi: "Jadili suala la matabaka katika riwaya uliyosoma." Na kila mwalimu anajua jibu litakavyokuja. Mwanafunzi ataandika kwamba matajiri ni wachoyo, wakatili na wenye kiburi. Maskini ni wanyonge, wavumilivu na wenye utu. Atatoa mifano mitatu kutoka kitabuni, atapata alama zake, atakwenda zake. Je, amejifunza nini kuhusu utajiri? Amejifunza kwamba utajiri ni tabia mbaya. Kesho akikutana na tajiri mpole, mtoa sadaka, anayewajua wafanyakazi wake kwa majina na kuwauliza hali za watoto wao, hataona chochote cha kujadili.

Leo nina hoja moja tu, na nitaipitisha katika mifano ya pwani yetu, hasa Unguja na Pemba. Tunaposoma habari za mali, tusiishie kuuliza tajiri ana roho gani. Tuulize mkataba unasemaje. Mti ni wa nani, na ardhi iliyo chini ya mti ni ya nani? Nani anadaiwa, na anadaiwa na nani? Kipimo kinashikwa na mkono wa nani? Na mambo yakiharibika, hasara inamwangukia nani? Waandishi wetu wazuri waliyajua haya na wakayaandika. Tunayaruka sisi, wasomaji.

Twende Pate kwanza, kisiwa kilicho karibu na Lamu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiililia Pate iliyoporomoka. Sote tumesoma habari za nyumba zile: taa zilizowaka, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika madaka ya ukutani, na baadaye makinda ya ndege yaliyolala mahali pa sahani. Ni utenzi wa kutisha kwa uzuri wake, na shabaha yake ni roho ya mtu, imkumbuke Mola wake. Hilo halina ubishi. Lakini msomaji wa leo ana haki ya kuuliza swali la pili. Nyumba zile zilisimamaje?

Zilisimama kwa matumbawe na chokaa. Mawe ya matumbawe yalipasuliwa pwani. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, kurundika vipande vya matumbawe juu yake, kuwasha tanuu na kulichunga, kisha kumwagia maji ule unga na kuuacha ukae muda mrefu kabla haujafaa kwa lipu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, zilizokatwa ndani ya tope maji yakiwa yamekupwa. Boriti moja haivuki nafasi kubwa, kwa hiyo vyumba vya nyumba kubwa za Pate na Lamu ni virefu lakini vyembamba, kama mita 3 kwa upana au pungufu. Hebu lifikirini hilo: tajiri wa Pate angeweza kununua kaure ya China, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti uliokatwa na mtu aliyezama topeni mpaka magotini. Mtu huyo hayumo katika utenzi. Aliyechunga tanuu hayumo. Kuanguka kwa mali kumeimbwa na kukaririwa. Kupatikana kwa mali hakuna aliyekuimba.

Sasa chukueni utendi wa Mwana Kupona binti Msham, wa mwaka 1858, nasaha ya mama mgonjwa kwa binti yake Mwana Hashima. Shuleni tunaufundisha chini ya kichwa "nafasi ya mwanamke": mtii mumeo, mpambie, mtunzie nyumba. Sawa. Lakini humo ndani mama anamwambia binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa huduma. Ni ubeti mmoja, walimu wengi wanaupita upesi, nadhani kwa aibu. Tusiupite. Ubeti ule unatuambia kwamba mashauri yote ya mtungo huo, kuoga, kujifukiza, kujipamba, kukaa kwa adabu, yanamhusu mwanamke ambaye maji yake yanatekwa na mwanamke mwingine. Ukisema "mwanamke wa Kiswahili wa karne ya 19" unasema juu ya wanawake wawili, na mmoja tu ndiye aliyeandikiwa nasaha. Simhukumu Mwana Kupona. Alikuwa malenga mkubwa na mama aliyempenda mwanawe. Ninachosema ni kwamba maandishi yake ni ya kweli kuliko mafunzo yetu, maana yeye aliandika waziwazi tunayoyaficha sisi.

Ndugu zangu, tuingie shamba.

Riwaya na mashairi mengi ya Visiwani yanasimama chini ya mkarafuu, na bado wanafunzi wengi wa bara na wa mjini hawajui mkarafuu unafanya nini. Bila kuujua mti, huwezi kuelewa tabaka. Mti huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8, na hufikia nguvu zake miaka mingi baadaye. Kinachouzwa ni kichipukizi cha ua, na lazima kichumwe kabla hakijafunguka, rangi ikianza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu mwepesi. Ukichelewa siku chache ua limepasuka, na thamani imeondoka nalo. Kwa hiyo wakati wa mavuno mikono mingi inahitajika yote kwa pamoja. Mchumaji anapanda mti mrefu wenye matawi yanayokatika upesi, anavuta tawi kwa fimbo yenye ndoano, anachuma kichala kwa kichala, anajaza pakacha. Jioni kunafuata kuchambua: kutenganisha karafuu na makonyo yake, yaani vijiti vyake, kazi ya wanawake na watoto mpaka usiku. Kisha kuanika kwenye majamvi juani siku 4 au 5, huku ukizigeuza na ukiliangalia wingu. Mvua ikizipiga, au zikirundikwa zikiwa mbichi, zinachacha na kuwa mpeta, na mpeta hauna bei. Na zikikauka vizuri, uzito unashuka: kilo 3 mbichi zinatoa kama kilo 1 kavu.

Sasa uliza: mchumaji alilipwa kwa nini? Kwa pishi. Pishi ni kipimo cha ujazo, na kipimo cha ujazo kina mlango wa ugomvi ndani yake. Pishi iliyofutwa juu kwa kijiti ni pishi, na pishi iliyojazwa mpaka ikafanya kichuguu nayo inaitwa pishi. Aliyeshika kipimo ndiye aliyeamua. Mchumaji akianguka kutoka mtini, pishi haikuwa na habari ya mguu wake.

Hapo mwanafunzi atasema: naam, mwenye shamba ni mnyonyaji. Subiri. Umefuata mkono mmoja tu. Mwenye shamba naye ana kitabu chake cha hesabu, tukifungue.

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja unamwaga, unaofuata unapumzika. Lakini shamba linataka kupaliliwa kila mwaka, na wachumaji wanataka ujira kabla karafuu haijauzwa. Mwenye shamba, hata mwenye miti mingi, mara nyingi hakuwa na fedha taslimu. Alikopa kwa mfanyabiashara wa mjini. Riba ni haramu, na wote wawili wanajua. Basi likatumika patano lililoitwa bei ya khiyari. Nitalifafanua kwa mfano wa kubuni ili hesabu ionekane.

Shamba lina thamani ya rupia 2,000. Mwenyewe anahitaji 1,000. Hatakopa, "atauza" shamba kwa mkopeshaji kwa rupia 1,000, kwa sharti kwamba ana khiyari ya kulinunua tena kwa bei ileile ndani ya miaka 3. Siku hiyohiyo analipanga shamba lake mwenyewe kutoka kwa mnunuzi, kwa kodi ya rupia 120 kwa mwaka. Haondoki nyumbani kwake. Kwa macho ya jirani hakuna kilichobadilika: bado anaitwa mwinyi, bado anaketi barazani. Lakini anatoa 12 kwa mia kila mwaka, kwa jina la kodi. Mwaka wa kwanza miti imezaa, analipa. Mwaka wa pili miti imepumzika, anaongeza deni. Mwaka wa tatu miti imezaa sana, lakini imezaa Unguja na Pemba nzima, bei imeporomoka. Khiyari inakwisha. Shamba la 2,000 limekwenda kwa 1,000, na katikati mkopeshaji amekwisha kupokea kodi.

Mnaona linavyofanya kazi? Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyepaza sauti. Kila karatasi ilitiwa saini kwa hiari. Na mkopeshaji naye, nyuma yake, alikuwa na wafanyabiashara wakubwa zaidi waliomdai. Ukifuata deni kutoka kwa mchumaji kwenda juu, utapita mikono mingi kabla hujafika kwenye mkono usiodaiwa na mtu, na mkono huo huenda haujawahi kugusa karafuu. Je, riwaya ngapi tumezifundisha tukimfuatilia mwinyi mpaka barazani kwake, tukaishia pale?

Hapa nataka kusema jambo gumu, na naomba mnisikilize vizuri.

Watawala wa Kiingereza walipoyaona madeni haya, waliyaandika kwa lugha ya kabila. Sheria zao za mwaka 1934 kuhusu ardhi ya Waarabu na Waafrika, na mamlaka waliyolipa shirika la wakulima wa karafuu, zililichukulia tatizo kuwa ni la Mwarabu na Mwafrika dhidi ya Mhindi. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia biashara ya karafuu mwaka 1937, na mwaka uliofuata kukawa na mapatano. Lakini picha ilibaki, na ilibaki vichwani mwetu: Mwarabu mwenye shamba, Mhindi mwenye duka, Mwafrika mfanyakazi. Picha rahisi, na ya uongo kwa kiasi kikubwa. Pemba walikuwapo Washirazi wengi wenye mikarafuu yao. Walikuwapo Waarabu wa Kimanga, waliotoka Oman, walioendesha viduka vidogo vya vijijini wakiwa hawana hata shamba. Katika Mapinduzi ya Januari 1964, wengi wa wauza duka hao waliuawa. Waliuawa kwa jina la tabaka ambalo hawakuwamo. Tukimfundisha mtoto kusoma mali kama sura ya mtu, kama nywele na jina la ukoo, tunamfundisha usomaji uliokwisha kuua watu visiwani humu. Ndiyo maana nasema mkataba, mkataba, mkataba. Mkataba hauna kabila.

Kwa sababu hiyo nampenda Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, na kwa sababu hiyo pia inanisikitisha namna inavyofundishwa. Darasani Fuad, bwana wa kasri, anameza kitabu chote: ukatili wa Fuad, ulevi wa Fuad, dharau ya Fuad. Ni kweli, yamo. Lakini uzito wa riwaya uko kwa Kijakazi, yule mtumishi mzee aliyemhudumia Fuad tangu utotoni. Mapinduzi yanafika, dunia inageuka, na Kijakazi anashindwa kuamini kwamba kuna maisha yasiyo na bwana. Wanafunzi humwita mjinga. Mwalimu, usikubali jibu hilo! Kijakazi si mjinga. Amefanya kazi umri wote bila mshahara wa kuweka akiba, bila shamba, bila nyumba, bila jamaa walioachwa wamzunguke. Utii ndio hazina pekee aliyowekeza. Ukimwambia bwana hana maana tena, unamwambia kwamba akiba yake ya maisha imefutwa. Muulizeni mwanafunzi: Kijakazi akiondoka kasrini leo jioni, atalala wapi? Swali hilo moja lina thamani kuliko kurasa 2 za "sifa za wahusika".

Na Kijakazi ana historia nyuma yake. Turudi mwaka 1897.

Aprili mwaka huo, amri ilitolewa ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Tunaisoma kama siku ya uhuru. Tuisome kama mkataba. Kwanza, mtumwa hakuwa huru papo hapo. Ilimpasa aende mwenyewe kuidai hati yake. Pili, fidia ililipwa, na ililipwa kwa mwenye mtumwa. Aliyelima miaka 20 bila ujira hakupewa kitu. Tatu, aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Nne, masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Makazi aliyokuwa nayo huyu mtu yako wapi? Katika ardhi ya bwana wake wa jana. Basi akabaki palepale kwa mapatano mapya. Zamani za utumwa shambani, desturi ilikuwa kumfanyia bwana kazi siku 5, na kujilimia mwenyewe Alhamisi na Ijumaa. Baada ya amri, mapatano mengi yalikuwa siku 3 za kazi kwa mwenye ardhi, badala ya kibanda na kipande cha ardhi cha kulima. Kutoka siku 5 mpaka siku 3: ni nafuu, sikatai, na watu walipigania kila siku moja ya hizo. Lakini ardhi haikusogea hata hatua moja.

Na kulikuwa na sharti jingine, dogo kulitamka, kubwa kulibeba. Mkaazi aliruhusiwa kupanda muhogo, viazi, mtama. Hakuruhusiwa kupanda mti. Kwa nini? Kwa sababu pwani, mti una mwenyewe hata pale ardhi inapokuwa ya mwingine. Ukipanda mnazi au mkarafuu, umepanda dai litakalokushinda umri. Watoto wako watakuja kusema, huu ni mti wa baba. Muhogo unang'olewa, dai linakwisha. Sharti hili utalikuta pia upande wa pwani ya Kenya, ambako baada ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 Wamijikenda wengi walijikuta wageni kwenye ardhi waliyoilima, na mwenye hati hakutaka kuona mtu akichimbia mche wa mnazi. Kwa hiyo ukimwona mhusika wa riwaya anapanda muhogo kila msimu, kizazi kwa kizazi, usiandike "ni maskini kwa sababu hana maarifa ya kilimo cha kudumu." Amekatazwa. Hata katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, mgogoro unaowakuta Rehema na mumewe Sulubu ni wa shamba walilolilima kwa mikono yao. Mkono unalima, na jina lililo kwenye hati ni la mwingine. Hapo ndipo msiba unapozaliwa, kabla mtu yeyote hajafanya ukatili wowote.

Mjini mambo yalikuwa hayohayo kwa vazi jingine. Katika Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, na Majengo ya Mombasa, mtu alijenga nyumba yake, akaezeka, akaweka mlango na kufuli, na kiwanja chini ya nyumba kikabaki cha mwingine anayedai kodi kila mwezi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo ya viwanja. Watu waliotoka kwenye ukoo wa utumwa, wengi wao wanawake, walisimama wakasema: nyumba ni yetu, hatulipi. Zama hizohizo aliimba Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu. Waliomwonea gere walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki, nguo nyeusi ya kimaskini, aliyokuja nayo kutoka shamba, wakidai kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Akawajibu kwamba uzuri na jadi tukufu si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 sauti hiyo ikaenda Bombay kurekodiwa. Tafadhali, tusimfundishe Siti kama kisa cha kipaji kilichomwokoa mtu mmoja. Aliimba katikati ya mtaa uliokuwa ukibishana na wenye viwanja, na mtaa ulijua anaimba nini.

Tufike bandarini. Agosti 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma. Mwaka uliotangulia Mombasa na Dar es Salaam nazo zilikuwa zimegoma, na Unguja walizijua habari hizo, maana mabaharia hubeba habari pamoja na shehena. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda baada ya vita, ujira haukupanda nazo. Mgomo ukatoka gatini ukaenea mjini, ukaendelea mpaka Septemba. Adam Shafi aliuandikia riwaya, Kuli, ya mwaka 1979, akamweka mchukuzi Rashidi katikati.

Nauliza: kwa nini kuli aliweza kugoma kwa namna ambayo mchumaji hakuweza? Wanafunzi hujibu, "kwa sababu kuli walikuwa na umoja." Jibu hilo linataja matokeo na kuyaita sababu. Angalieni mkataba. Mchumaji analala kwenye ardhi ya mwajiri wake; akigoma asubuhi, jioni hana kibanda. Miaka ya 1950, siasa za vyama zilipopamba moto, wakaazi wengi wa mashamba walifukuzwa kwa sababu ya chama walichounga mkono, na hapo mnaona kisu kilikuwa wapi siku zote. Kuli ni kibarua wa kutwa, na hilo ni baya kwake: leo anachaguliwa, kesho serangi, msimamizi wa wachukuzi, anampita asimwone. Lakini halali kwa mwajiri. Na meli iliyotia nanga inakula fedha kila siku bila kupakuliwa. Kwa mara moja, saa inamdai tajiri. Ndiyo nguvu ya gati. Na udhaifu wake ni chakula: mgomo unadumu kadiri sufuria ya nyumbani inavyodumu. Mkisoma Kuli, fuateni sufuria. Nani anaikopea? Muuza duka anakubali kukopesha siku ngapi? Mama wa nyumbani anapunguza nini kwanza?

Walimu wenzangu, haya yanafundishikaje katika kipindi cha dakika 40? Msiongeze mada. Badilisheni zoezi. Chukueni sura moja tu ya riwaya yoyote. Wanafunzi waandike kila kazi inayofanyika katika sura hiyo, hata ile iliyotajwa kwa kitenzi kimoja: chai ililetwa, mlango ulifunguliwa, nguo zilipigwa pasi. Pembeni waandike nani aliifanya, na kama ana jina. Kisha wafuate fedha: kila mahali panapotajwa malipo, deni, kodi, mahari au zawadi, waandike imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Mwisho wachague tukio moja lililoharibika, mavuno, ugonjwa, moto, na waseme hasara ilimfikia nani wa kwanza. Zoezi hili hukwama mahali pamoja, niwaonye mapema: wanafunzi watajaza "haijulikani" kwenye safu ya jina, wataona wamekosea. Waambieni hawajakosea. Safu hiyo tupu ndiyo mnayokwenda kuijadili, na mjadala huo uanze kwa kumuuliza mwandishi, kabla ya kumuuliza mhusika.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni la waandishi waliomo humu, hasa vijana.

Kuna mkataba unaotiwa saini wakati huu ninaposema, na sioni riwaya zetu zikiufungua inavyostahili. Mabinti wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Bahari ileile, njia ileile ya majahazi, na mara nyingine kwa familia zenye jamaa huku. Kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa jina la mwajiri, kafili wake. Akitoka nyumbani humo bila ruhusa, anaandikwa mtoro. Mwajiri amemlipa wakala gharama za kumleta, na binti akitaka kurudi kabla ya mkataba wa miaka 2 kwisha, huambiwa: rudisha kwanza gharama zangu. Deni hakulikopa yeye, lakini limekaa juu ya kichwa chake. Mwajiri anaweza kuwa mwema kabisa, mswalihina, mwenye kumpa zawadi siku ya Idi, na mkataba ukabaki palepale.

Msituandikie tena mwajiri katili na binti mwema anayelia. Tumeshamsoma. Nendeni kwa waliorudi, wako mitaani mwenu. Waulizeni nani alilipa tiketi, na kama walioneshwa risiti. Pasipoti ilikaa droo ya nani? Mkataba uliandikwa kwa lugha gani, na nani aliwasomea? Simu iliruhusiwa saa ngapi? Mshahara ulitumwa kwa jina la nani huku nyumbani, na ulijenga nini, kwenye kiwanja chenye hati ya nani? Mkishapata majibu hayo, kaeni mwandike.